Kimya cha Shemeji

Paka aliitwa Shemeji kwa sababu alikuja kula siku moja na hakuondoka tena.

Ilikuwa siku ya hitima ya marehemu mume wa Bi Tausi. Paka akapewa kichwa cha sato kwa heshima ya msiba, akakimaliza, akapanda kwenye kiti cha marehemu, akalala. Jirani alipouliza ni wa nani, Bi Tausi alijibu kwamba hajui, ila kwa namna anavyokalia kiti cha watu na kudai chakula kwa wakati, lazima awe ndugu wa upande wa mume. Jina likashika, naye Shemeji akashika nyumba.

Sasa alikuwa amelazwa juu ya meza ya chuma katika zahanati ya wanyama iliyo nyuma ya stesheni ya Tabora, utepe wa ridhaa umemzunguka kichwa kama kilemba cha mtu aliyevaa kwa haraka. Sikio la kushoto halikuwepo. Paka weupe ndivyo walivyo: jua huwaanzia ncha za masikio, panaota kigaga, mwenye paka anasema ni ugomvi wa mapaka, anapaka mafuta ya nazi, na siku anayoshtuka saratani imeshahamia kwingine. Ya Shemeji ilikuwa imeingia kwenye taya. Ikifika kwenye mfupa, daktari wa kawaida anaweka kisu chini na kumpeleka mnyama kwa bingwa.

Lakini kabla ya rufaa, sheria ilitaka mgonjwa aulizwe.

"Mara ya kwanza," alisema Daktari Nyamizi Kasembo, akabonyeza.

Utepe haukuwa na maneno. Paka ana mambo mengi, ila maneno si moja ya hayo. Utepe ulionjesha. Kwa pumzi kama kumi hivi ulimpa mnyama kionjo cha kule anakopelekwa: baridi ya chumba, harufu ya wanyama wageni, na maumivu yenyewe, machungu kama yalivyo, bila kutiwa sukari. Kisha ukamwonjesha ya baadaye: taya lisilouma, mwili mwepesi, tumbo linalotaka kula. Halafu ukasubiri. Mnyama akiyaelekea yale aliyoonjeshwa, taa ya kijani iliwaka. Akiyakimbia, iliwaka nyekundu.

Haikuwaka taa.

"Mara ya pili."

Hakuna.

"Mara ya tatu."

Shemeji alikuwa akiutazama ukuta kama mtu anayesubiri kuitwa benki. Utepe ulikaa giza.

Siwema, msaidizi wa zahanati, ambaye kwa mujibu wa sheria ndiye aliyekuwa shahidi, alipiga kigelegele kifupi. "Bikira kanyamaza! Karidhia! Bi Tausi, tuletee pilau."

Bi Tausi alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka misibani, alicheka kwenye foleni, alimcheka hata imamu aliposahau aya. Safari hii alirekebisha mtandio wake tu, akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyemeza kitu kikavu.

*

Kigelegele kile kilikuwa na historia yake.

Mabingwa walipoanza kutumia mchwa, hakukuwa na sheria. Mchwa ni jina la mtaani. Wenyewe mabingwa wana jina refu ambalo hakuna anayelimaliza. Ni mashine ndogo kuliko chembe ya damu. Humiminwa mwilini kwa mamilioni, zikatafuna saratani na kuacha nyama nzima, kama mchwa wa kawaida anavyoacha msumari na kula mbao. Tatizo ni moja. Mchwa huongozwa na hisia za mgonjwa mwenyewe: hufuata mishipa inayolalamika. Mgonjwa akichomwa ganzi au akilazwa usingizi, mishipa inanyamaza, mchwa wanapotea njia, nao mchwa aliyepotea anakula anachokikuta. Kwa hiyo mnyama hutibiwa akiwa macho, wiki tatu mfululizo. Waliopima maumivu yake walisema ni kama kung'olewa jino lilelile kila asubuhi.

Wanane kati ya kumi walipona. Kwa takwimu za saratani ya mfupa huo ni muujiza, na hakuna aliyebisha. Lakini baadhi ya waliopona walirudi nyumbani wakiwa wazima wa mwili tu. Mbwa alikuwa akimwona bwana wake anaingia, anakwenda kukaa pembe ya mbali, anamtazama. Hatikisi mkia wala habweki. Anamtazama tu. Watu walianza kujiuliza ni nani aliyewapa ruhusa.

Ndipo ikaundwa tume ya kuandika sheria ya ridhaa. Utepe ulikuwa tayari umeshabuniwa. Ndiyo ilikuwa rahisi, hapana ilikuwa rahisi. Wajumbe wakakwama kwenye kimya. Mnyama asipojibu, je? Wanasayansi walitaka miezi sita ya utafiti. Inasemekana ilikuwa Ijumaa, chakula kimeshapoa, na mjumbe mmoja mtu mzima akasema: jamani, hili mbona lilishaamuliwa zamani? Walii akimfuata binti kumuuliza, akamuuliza mara tatu naye akanyamaza, si ameridhia? Binti mwenye haya hasemi ndiyo. Wakacheka wote, wakaandika kifungu, wakaenda kula.

Kimya mara tatu, mbele ya shahidi, ni ridhaa. Ndivyo ilivyokuwa sheria ya nchi.

*

Daktari bingwa Mwinyimvua alitokea kwenye kioo cha ukutani akiwa amevaa koti jeupe na kutafuna kitu. Kituo chake kilikuwa mashariki, safari ya treni ya nusu siku.

"Mnyamwezi!" alisema. "Naona kimya mara tatu kimeingia. Mbona hujabonyeza rufaa? Behewa la wagonjwa linapita hapo kwenu alasiri hii, na jingine mpaka mwezi ujao. Kazi ya babu zako ilikuwa kubeba mizigo mpaka pwani. Nibebee huyo paka mpaka behewani tu, kutoka hapo nitambeba mwenyewe."

"Na babu zako, Mzaramo, kazi yao ilikuwa kukaa kucheza bao wakingoja mizigo iwafikie," alijibu Nyamizi. "Endelea kucheza. Ninakuja."

Walikuwa wamesoma pamoja, na utani wa makabila yao ulikuwa umewaokoa wasipigane mara nyingi. Lakini Nyamizi hakuwa akiutazama uso wake. Alikuwa akimtazama nzi.

Nzi alikuwa ametua kwenye sharubu za Shemeji. Akatembea mpaka puani, akasugua mikono kama muuza nyama anayeona mteja, akarudi kwenye sharubu. Shemeji hakutikisa hata unywele mmoja. Nyamizi alimjua paka huyu kwa makovu aliyomwachia mkononi. Akawasha kurunzi, akamfungua jicho. Mboni ilijikunja polepole sana, kama duka la mvivu linalofungwa.

"Taya lake ukilionea huruma hivyo utalitibu lini?" alisema Mwinyimvua.

"Nipe muda kidogo."

"Muda anao nani? Si yeye."

Hilo lilikuwa kweli. Nyamizi akazima kioo.

*

Bi Tausi alikuwa kwenye benchi la barazani, kikapu cha Shemeji mapajani. Karibu yake walikaa watu wengine na wanyama wao, wametulia wote, wanyama kwa watu. Nyamizi alimwita ndani, akamkalisha kwenye kigoda karibu na meza, akafunga mlango.

"Bibi, hukucheka," alisema.

"Nini tena, mwanangu?"

"Siwema alipopiga kigelegele cha bikira. Mzaha ule kila mtu anaucheka. Hata mbuzi wa Mzee Kafuku aliucheka."

Bi Tausi alitazama mikono yake. Kisha akacheka, lakini kicheko kilikuwa kimechelewa treni.

"Mimi niliolewa kwa kimya," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimewekwa ndani nyuma ya pazia, nimepakwa hina mpaka magotini. Nasikia baba na mashahidi wanakuja na viatu vyao. Somo yangu aliyenifunda, Bi Chausiku, Mungu amrehemu, akanitazama usoni akaona jambo. Akamega tonge la halua, lile la nguvu, lenye lozi, akanitia mdomoni. Halua ya siku zile, Daktari, ilikuwa inanata kama lami. Baba anauliza kule nje: Tausi, umeridhia kuolewa na fulani bin fulani? Mimi natafuna. Mara ya pili, natafuna. Mara ya tatu machozi yananitoka, natafuna. Nje wakapiga takbira."

Siwema, aliyekuwa akiosha vyombo kwenye sinki, alicheka, kisha akafunga bomba.

"Ungesema hapana?" aliuliza.

"Hapana? Aa. Mwanamume mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja tu, amevaa suruali ya mwenzake. Ningesema hapana kwa sababu gani?" Bi Tausi alifikiri kidogo. "Nilitaka kusema ngojeni. Hilo tu. Ngojeni kwanza."

"Na ndoa ilikuwaje?"

"Nzuri. Miaka arobaini na moja. Alikuwa mtu mwema kuliko suruali zake. Nilimpenda, wallahi, baadaye nilimpenda mpaka watu wakatusema."

Nyamizi aliinama, akamfukuza nzi yule kwa mkono. Shemeji akapepesa macho, jicho moja kwanza, la pili baadaye.

"Bibi," alisema taratibu, "Shemeji umempa nini?"

Mtandio ulirekebishwa. Ukarekebishwa tena.

"Matone ya kizibo," alisema Bi Tausi. "Kwenye dagaa. Wanauza hapo mbele ya stesheni, kwenye meza moja na karanga. Anakwambia: matone mawili, mnyama hasemi ndiyo wala hapana, na sheria inamalizia yenyewe." Akainua uso. "Usinitazame mimi peke yangu. Hao wote waliokaa hapo barazani, unafikiri wanyama wao wamepata adabu leo asubuhi?"

Nyamizi alikumbuka ukimya wa barazani. Akakumbuka na vimya vya miezi iliyopita, rufaa baada ya rufaa, akijisifu moyoni kwamba wanyama wa Tabora ni wapole.

*

Sheria ilikuwa na kifungu cha hilo pia, kifupi, ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Mnyama akionekana hayuko katika akili zake, jaribio linafutwa. Anangojwa alevuke, anaulizwa upya. Na jibu la mara hiyo linasimama kwa miezi mitatu, halirudiwi. Miezi hiyo watu waliiita eda. Eda ya Shemeji ingekwisha Shemeji akiwa ardhini.

Nyamizi alijua hapana inaishaje. Alikuwa amezisimamia. Mbwa wa mlinzi wa ghala alisema nyekundu mara tatu, wazi kabisa, na mwezi uliofuata mlinzi alimleta amembeba kwenye gunia kwa sababu mbwa hakuweza tena kufunga mdomo. Nyamizi alimmaliza kwa sindano, mlinzi akasema asante, Daktari, kama mtu aliyepewa chai baridi. Daktari ambaye hajawahi kuona hapana inavyoisha anaweza kuiheshimu kwa moyo mweupe. Yeye hakuwa na moyo huo tena. Ulikuwa umekwenda na magunia.

Alisogea kwenye kioo. Kitufe cha rufaa kilikuwa kinang'aa pembeni, kikubwa kuliko inavyohitajika.

"Bonyeza, mwanangu," alisema Bi Tausi. "Si unaona? Hapo ulipo unataka kubonyeza."

"Nataka."

"Basi."

"Mtoto mdogo tunamchoma chanjo analia," alisema Nyamizi, na haikujulikana anamwambia nani. "Hakuna anayemwuliza. Akikua hakumbuki hata sindano. Na huyu ni paka. Ukimwonjesha maumivu pumzi kumi, atasema nini? Hata mimi ningesema hapana. Hata bingwa mwenyewe angesema hapana, na kazi yake ni hiyo." Akamgeukia mwanamke mzee. "Wewe hukupewa nafasi ya kujibu, Bibi, na mambo yakawa mema. Ulimpenda baadaye. Naye atakaa kwenye kiti chake, atakula, atasahau."

Alisema hivyo kwa nia njema. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Daktari," alisema Siwema, "mimi ndiye shahidi. Niandike nimeshuhudia nini?"

"Ulichokiona. Kimya."

Bi Tausi hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ametoa kwenye kikapu kifungu kidogo cha karatasi, akakifungua mapajani. Dagaa wa Kigoma, wakavu, vichwa vimekatwa, kama Shemeji anavyowapenda. Baadhi yao waling'aa unyevunyevu.

"Halua sijala tena," alisema.

"Nini, Bibi?"

"Halua. Tangu siku ile. Idi zimepita, harusi za wanangu zimepita, naipika mimi mwenyewe, nawagawia watu, wananisifu. Mimi siiweki mdomoni. Marehemu aliniuliza miaka yote: Tausi, mbona huli halua? Nikamwambia meno." Akawafunga dagaa tena, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga jino la mtoto. "Alikuwa mtu mwema. Nilimpenda. Lakini sikumwambia kamwe kwamba siku ile sikumjibu mtu. Yeye alikufa akiamini nilikubali."

Nyamizi alikaa na kidole chake hewani.

"Yeye huyu," Bi Tausi aliendelea, akimwonyesha Shemeji kwa kidevu, "hali kwa mtu mwingine. Majirani wakimpa samaki, analeta nyumbani kunionyesha kwanza. Mimi nimemtilia kizibo kwa mkono wangu huu. Nimekuwa Bi Chausiku." Akacheka, na safari hii kicheko kilifika kwa wakati. "Kumbe ni kazi rahisi hivi! Bi Chausiku alijifanya mtaalamu bure."

"Ukisema tumngoje alevuke," alisema Nyamizi, "na akasema hapana, sina njia ya kukusaidia. Unanielewa? Mimi mwenyewe ningebonyeza sasa hivi. Nakwambia ukweli."

"Nimekuelewa. Na mimi ningefurahi ubonyeze. Ndiyo maana usibonyeze."

Siwema alisema polepole, "Mungu wangu, haya mambo ya paka."

*

Walimngoja. Treni ilisikika mbali, upande wa Urambo, ikipiga honi kwenye makutano. Mwinyimvua alitokea kwenye kioo bila kuitwa.

"Mnyamwezi, mbona jaribio limefutwa? Mzigo uko wapi?"

"Mzigo umelewa."

"Umelewa nini? Paka?"

"Kizibo. Na nadhani si wa kwanza. Nenda kaangalie wagonjwa wako waliokuja kwa kimya kutoka Tabora, uniambie wangapi waliamka behewani na kuanza kupiga kelele."

Mwinyimvua aliacha kutafuna. Ilionekana kuna kitu alikuwa anakijua na alikuwa amekiita jina jingine.

"Wote hupiga kelele behewani," alisema hatimaye. "Tunasema ni safari."

"Na wale wanaokaa pembeni wakirudi?"

"Nyamizi. Wanane kati ya kumi. Ukituondolea vimya, nitabaki na wagonjwa wangapi? Watakufa majumbani kwao, wanane kati ya kumi ambao wangepona. Hilo nalo liandike."

"Nitaliandika," alisema Nyamizi, na hakuwa akimkebehi. "Mimi sijasema una makosa. Nimesema amelewa."

Behewa la wagonjwa lilipita nyuma ya zahanati, jeupe, likatikisa vikombe kwenye kabati. Barazani mtu alisimama, akakaa tena. Honi ikapigwa, treni ikashika njia ya mashariki bila paka.

Shemeji alilevuka muda mfupi baadaye. Alianza kwa mkia. Kisha akamwona nzi, akampiga kofi moja la haki, nzi akaanguka. Kisha akamtazama Nyamizi kwa chuki ya siku zote, na Nyamizi akajisikia ahueni ambayo hakuitegemea.

"Mara ya kwanza," alisema.

Pumzi kumi ni ndefu ukizitazama zikipita juu ya mgongo wa paka. Manyoya yalisimama. Kucha zilitoka, zikakwaruza chuma. Kisha kionjo cha baadaye kikaja, manyoya yakalala, na Shemeji akainua kichwa kidogo, upande usiouma, kama anayesikia kiti cha marehemu kikisogezwa mahali. Bi Tausi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, na kila aliyekuwa chumbani alijua ni nini, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Alikuwa anasema: kijani, kijani, kijani.

Nyekundu.

"Mara ya pili," alisema Nyamizi. Sauti yake ilikuwa ya kazini.

Nyekundu. Haikusita.

"Mara ya tatu."

Shemeji alitazama huku na huku, akamwona Bi Tausi, akatulia. Kwa muda taa hazikuwaka kabisa, na katika giza lile dogo kila mmoja wao, akiwemo shahidi, alitamani ibaki hivyo.

Nyekundu.

"Nimeshuhudia," alisema Siwema. Hakupiga kigelegele.

Nyamizi akamvua paka utepe. Akatoa chupa ya matone ya maumivu, ya halali, akamweleza Bi Tausi namna ya kuyatumia: asubuhi na jioni, ampe kwa bomba mdomoni upande wa kulia, na Shemeji ajue anapewa. Siku atakapoacha kuosha uso wake, amlete, au amwite Nyamizi nyumbani. Bi Tausi alitikisa kichwa kukubali kila neno. Hakulia. Alikuwa na sura ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa na bado hajaitika.

"Nyumba yetu nzima," alisema mwishowe, "bibi yangu, mama yangu, mimi, dada zangu. Huyu ndiye wa kwanza kuulizwa akajibu."

"Na alijibu vibaya," alisema Siwema, kisha akajuta.

"Alijibu, lakini." Bi Tausi akamtazama. "Mwanangu, fungua ule mfuko wako wa chakula cha mchana. Nimesikia harufu ya dagaa tangu asubuhi."

Siwema alileta kibakuli chake. Dagaa wa kukaanga, hawajaguswa na mtu. Bi Tausi alichagua mmoja mdogo, laini, wa kufaa taya bovu. Lile fungu lake la karatasi akalisukumia kwenye pipa la taka kwa kiwiko, asilishike. Akanawa mikono kwenye sinki, kwa sabuni, hadi juu ya viganja. Kisha akamweka dagaa kwenye kiganja na kukinyoosha juu ya meza, nusu ya njia.

Shemeji alinusa kutoka mbali. Akakitazama kiganja. Akamtazama mwenye kiganja. Akanusa tena, kwa muda mrefu kuliko anavyonusa shemeji yeyote aliyewahi kukaribishwa chakula katika mji ule.

Nyamizi alifungua mlango wa barazani. Watu walisimama, wakachukua wanyama wao walio wapole kupita kiasi. "Kaeni," aliwaambia. "Leo tunangoja wote walevuke kwanza. Walio na haraka, treni imeshapita."

Nyuma yake, mezani, mkono wa Bi Tausi ulikuwa bado umenyooshwa. Hakuusogeza mbele. Hakumwita paka kwa jina. Alingoja.